Neno Moja kwa Cholga

Mimi ni msemaji. Nalisema mapema ili msije mkaniambia baadaye. Kule Chiloé, kisiwani kwetu, mama alikuwa akisema kwamba mimi nilizaliwa mdomo ukiwa umetangulia, watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Lakini kisiwani nilikuwa na watu wa kusema nao. Huku Magallanes, bara, kusini ya mbali kabisa, nimekaa miaka kumi na tisa nikiwa mchungaji wa kituo, na kituo chenyewe ni chumba kimoja cha mabati, jiko la kuni, farasi wawili, kuku watano, kondoo elfu na mia mbili wa tajiri ambaye sijawahi kumtia machoni, na upepo. Jirani wa karibu yuko mwendo wa saa tatu juu ya farasi. Sasa niambieni ninyi, msemaji afanye nini? Nilisema na mbwa.

Nilisema naye nikiwasha moto, nikinyonya yerba, chai yetu chungu ya majani, kwa mrija, nikitandika farasi, nikishona soksi. Jina lake Cholga. Cholga ni kome mkubwa wa kwetu mwenye gamba jeusi, na huyu alizaliwa mweusi tititi, basi likamfaa. "Cholga, upepo wa leo una wazimu. Cholga, unaiona hii sufuria? Sufuria hii aliinunua Edelmira sokoni Castro, Cholga, akapatana bei mpaka muuzaji akataka kulia." Edelmira ni mke wangu, aliyebaki kule kisiwani, na Castro ndio mji wa huko. Alifariki miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, na Cholga alizaliwa majira ya baridi yaliyofuata. Kwa hiyo habari za Edelmira zote alizisikia yeye, tena nyingine mara mia.

Cholga hakuwa mjinga, mtu asimsingizie. Alikuwa na mbio, alikuwa na huruma kwa kondoo, hakuwahi kung'ata hata mmoja. Ubaya wake ni macho, yalikuwa kila mahali isipokuwa kwangu. Ndege akiruka, yuko naye. Sungura akitikisa nyasi, kazi imekwisha. Mfuko wa nailoni umenasa kwenye waya wa ua, anasimama kuutazama kama mtu anayesoma barua. Nikimwambia alale, analala nusu, makalio yako juu, halafu bata bukini analia bondeni na yeye huyo! "Cholga! Lala, Cholga! Rudi, we mbwa we, nimesema lala, Cholga!" Hageuzi hata sikio. Wachungaji wenzangu hupiga mluzi, na mbwa akiwa ng'ambo ya kilima anausikia. Mimi meno yangu ya mbele yalikwenda na teke la farasi, mluzi wangu ni pumzi tupu. Nilibaki na maneno.

Basi ikaja Desemba, siku ya kukata mikia ya wanakondoo na kutia alama masikioni. Tulikuwa watu watano na mbwa saba, tunawaswaga kondoo wote kuelekea zizi kubwa. Kabla ya kufika zizini kuna mahali ambapo uwanda unabanwa, upande mmoja ua wa waya, upande wa pili korongo, na ukingoni mwa korongo pana pengo. Pale nilimlaza Cholga. Kazi yake ilikuwa ndogo, ndogo kabisa: alale, aonekane. Kondoo akimwona mbwa amelala kwenye pengo hapiti.

Mabata bukini sita wakatua nyuma yake. Nilianza kupiga kelele kabla hajainuka, nikapiga kelele alipoinuka, nikapiga kelele alipokwisha kuwa mbali. Kondoo wakaona pengo li wazi, wakamiminika. Chini ya korongo lile mnapita maji ya theluji. Majike waliruka na watoto wao wakafuata, wa nyuma wakiwaangukia wa mbele. Tulitoa wanakondoo thelathini na mmoja waliokufa. Niliwatoa kwa mikono yangu miwili, nikawapanga kwenye nyasi, na miili yao ilikuwa bado na joto. Cholga akarudi ulimi nje, amefurahi, akaja kuwanusa mmojammoja.

Msimamizi wetu, don Nolberto Vidal, alishuka farasi, akavua glavu polepole.

"Rosamel, sheria unaijua."

Naijua. Mbwa aliyeua kondoo hupigwa risasi, na anayempiga ni mwenye mbwa, si mtu mwingine. Hii sheria ni ya zamani kuliko waya wa ua, na walioiweka walikuwa na maana yao, mtu asifuge mbwa ovyo. Nimeona wanaume wenye ndevu wakitoka nyuma ya banda na bunduki mkononi, kofia wameishusha mpaka puani.

"Don Nolberto," nikasema, "si kosa lake, ni wale mabata, na upepo nao ulikuwa unakuja huku, sauti yangu haikufika, na unajua tangu mwaka ule farasi wa Mansilla aliponipiga teke…"

"Rosamel."

"Ndiyo, bwana."

"Watoto thelathini na mmoja."

Hapo ndipo Segundo Barría aliposema. Segundo ndiye huyo jirani yangu wa saa tatu, Mchiloé mwenzangu, mtu ambaye nadhani akizidi sana husema maneno kumi kwa mwaka. Mbwa wake wawili humzunguka kimya kama yeye mwenyewe. Alitema mate pembeni akasema, "Mpe mpaka siku ya manyoya."

Don Nolberto akamtazama kama mtu aliyesikia jiwe likisema.

"Wewe unamdhamini?"

"Mbwa, ndiyo. Huyu mwenye mbwa, sijui."

Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kiliniokoa. Don Nolberto akavaa glavu zake. Siku ya kuwaleta kondoo kukatwa manyoya ilikuwa tarehe ishirini na mbili Januari. "Pengo lilelile," akaniambia. "Mbwa huyuhuyu. Akisogea hatua moja, usiniletee hadithi. Niletee bunduki."

Jumapili iliyofuata Segundo akaja kituoni kwangu. Hakusema amefuata nini. Alikaa juu ya ua wa zizi na kikombe cha bati magotini, mimi nikamwonyesha bidii yangu yote. Nikamlaza Cholga, nikambembeleza, nikamtukana, nikamsimulia jinsi maisha yake yalivyo hatarini. Kila mara nilisikia ti, ti, ti. Baada ya saa nzima nikamfuata.

"Nini hicho unachokichezea?"

Akanionyesha kikombe. Kilikuwa na maharage.

"Jina la mbwa," akasema. "Umelitaja mara themanini na nne."

"Sasa ulitaka nimwite nani, askofu?"

"Katika hizo themanini na nne, ulimtaka mara ngapi?"

Nikafikiri. Sikupenda jibu nililolipata. "Tatu. Au nne."

"Basi mbwa wako si kiziwi. Mbwa wako ana akili. Wewe ni redio, Rosamel. Nani anaitika redio ikimwita?"

"Ala! Umekuja kunitusi nyumbani kwangu?"

"Debe tupu haliachi kuvuma, mzee mwenzangu. Sikia. Maneno mawili tu. 'Lala', halafu 'njoo'. Kabla hujasema ngoja akutazame. Hata kama ni nusu saa, ngoja. Sema mara moja. Ukisema mara mbili umeshindwa. Akiinuka, mwendee kwa miguu, mrudishe palepale, mlaze kwa mkono, urudi ulikotoka. Akikaa mpaka umwite, msugue shingo. Kidogo. Halafu acha, asichoke."

Sijawahi kumsikia akisema vyote hivyo kwa pumzi moja. Ilinitisha zaidi ya don Nolberto.

"Haya. Na jioni, tukiwa ndani?"

"Jioni ndiyo hasa. Funga mdomo."

"Niseme na nani basi?"

"Na mimi, nikija."

"Wewe hujibu!"

"Huyo mbwa anakujibu?"

Akapanda farasi akaenda zake. Nikabaki nimesimama na kikombe cha maharage, na Cholga anachimba panya chini ya banda la kuku.

Siku ya kwanza nilijifunga skafu mdomoni. Msicheke. Nilijua nikiacha mdomo wazi utajiendea wenyewe. Nilimwingiza Cholga kwenye zizi dogo tupu, alfajiri, kabla upepo haujaamka, kamba ndefu shingoni. Nikasimama. Akatazama ua, akatazama kuku, akanusa kinyesi cha kondoo, akajikuna. Mimi kimya. Baada ya muda akageuka. Nadhani alidhani nimekufa wima. Alinitazama usoni, kichwa kimeinama upande, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, naapa. Nikaishusha skafu. "Lala." Akalala, tumbo lote chini.

Nikahisi machozi. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na nilikuwa sijawahi kusikilizwa namna ile.

Tukaenda hivyo, muda wa birika kuchemka asubuhi, muda wa birika kuchemka jioni. Hatua tano, hatua ishirini, halafu kamba ikatoka. Nikamlaza huku kuku wakipita mbele yake. Aliinuka mara sita, nikamwendea mara sita, nikamrudisha mara sita, sikutamka neno. Mara ya saba kuku alipita karibu amkanyage mkia na Cholga akawa ananitazama mimi, anatetemeka, lakini macho kwangu. Nilitamani kupiga ukelele. Nilimsugua shingo kidogo, nikaacha. Halafu nikaenda nyuma ya banda la kuni nikaegemea ukuta.

Kwa sababu kazi haikuwa mbwa. Kazi ilikuwa kile kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya kutishia watoto. Nyumba yangu ilinyamaza, na ndani ya kunyamaza huko nikaanza kusikia mambo ambayo kelele zangu zilikuwa zimeyafunika.

Huku kwetu habari huletwa na redio. Kila siku saa saba mchana redio ya mjini Punta Arenas husoma salamu za watu wa mashambani: fulani apeleke farasi njia panda, fulani amepata mtoto wa kiume, fulani mzigo wake uko bandarini. Kila kituo kinasikiliza, kwa hiyo jambo lako nchi nzima hulijua. Mwaka ule wa Edelmira binti yangu Nélida aliniletea salamu tatu. Ya kwanza: "Kwa Rosamel Oyarzo, mama yuko hospitali Castro, anakuulizia." Ya pili, siku tano baadaye: "Kwa Rosamel Oyarzo, baba, njoo." Ya tatu sina haja ya kuitaja.

Hadithi niliyompa Cholga mara mia ni kwamba mto niliopaswa kuuvuka ili niende kwake ulikuwa umefurika. Nilikuwa nimeipamba hadithi hiyo vizuri sana. Farasi akiogopa, maji yakifika tumboni, mimi nikirudi nyuma nimevunjika moyo. Nimewasimulia watu wengine pia, wakatikisa vichwa kwa huruma. Sasa, usiku ukiingia bila neno, nikaukumbuka ule mto kama ulivyokuwa. Maji yalifika kwenye goti la farasi. Mto haukuwa umefurika. Tulikuwa katikati ya kukata manyoya na nikajiambia acha tumalize, ni siku chache, Edelmira ni mwanamke mgumu. Huo ndio uongo mdogo. Ukweli mkubwa ni kwamba niliogopa. Niliogopa kumwona kitandani, niliogopa nitakaa pembeni yake na sitakuwa na la kusema. Mimi.

Siku ya Krismasi nikashindwa. Nilikuwa na chupa ya divai na mguu wa kondoo, na kimya kilikuwa kimenizidi. Nikaanza, "Cholga, unajua," na ikawa kama jiwe limetoka kwenye ukuta wa bwawa. Nilisema mchana kutwa. Nikamwambia tena habari za mto, tena ukiwa umefurika. Aliniangalia mwanzoni, masikio wima, anangoja neno lake. Halafu masikio yakashuka, akageuka akaanza kumtazama nzi dirishani.

Kesho yake asubuhi nikamwambia alale, akamfukuza kuku mpaka ng'ambo ya kijito. Sikumpiga. Nikakaa chini kwenye tope la zizi nikajiona: ninaua mbwa wangu kwa mdomo. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na saba. Bunduki ilikuwa ukutani juu ya kitanda, na usiku niligeukia upande wa pili nisiione.

Tangu siku ile sikutamka neno la bure. Nilimfundisha kwanza mbele ya kuku, kisha mbele ya kopo lenye mawe ninalolivuta kwa kamba, kisha mbele ya nyama mbichi. Mwisho nikampeleka kwenye ziwa dogo wanakokaa mabata bukini. Pale tulianza mbali kabisa, mahali ambapo bata ni nukta tu, na kila siku tukasogea hatua kumi. Segundo alikuja mara mbili, akatazama, akanywa yerba. Mara ya pili alitikisa kichwa chini-juu, mara moja, akaenda zake. Kwa Segundo hiyo ni hotuba.

Tarehe ishirini na mbili ikafika na mawingu mazito upande wa kusini. Bunduki niliifunga kwenye tandiko, kama nilivyoagizwa. Nilimlaza Cholga kwenye pengo nikarudi nyuma hatua themanini, nikapanda farasi. Don Nolberto alikuwa upande wangu wa kulia, hakunisalimu.

Kondoo wakaja, kelele na vumbi, safu ya mbele ikasukumwa kuelekea korongo. Na mabata nao, kana kwamba wameitwa, wakainuka kutoka chini ya korongo, nane, wakipiga mbawa juu ya kichwa chake na kulia. Nikaona ngozi ya mgongo wake ikisisimka. Kichwa kikageuka kuwafuata. Maneno yote niliyoyabana wiki tano yakanijaa mdomoni, Cholga, mama wee, Cholga, tafadhali. Nikayameza. Nikangoja. Akageuza kichwa, akanitafuta katikati ya vumbi mpaka macho yetu yakakutana.

"Lala," nikasema.

Akaushusha kidevu chake mpaka kwenye nyasi. Kondoo wa mbele walifika hatua mbili kutoka kwake, wakapiga kwato chini, wakageuka. Elfu na mia mbili walipita wote, na hakuna hata mmoja aliyeliona lile korongo.

Lango lilipofungwa don Nolberto akanijia, akafungua kamba kwenye tandiko langu, akachukua bunduki na kuipakia kwenye mkokoteni wake.

"Mbwa huyu anaishi," akasema. "Njoo ule."

Lo! Sijui niwaelezeje. Watu walinipiga mgongoni, wakatoa divai, wakanikatia ubavu wa kondoo uliokuwa ukichomwa. Mkata manyoya mmoja, mzee Cárcamo, akasema, "Haya Rosamel, tuambie, ulimfanyaje?" Nani asingeulizwa hivyo akasema? Nikaanza. Nikawasimulia maharage, skafu, kuku, kopo la mawe. Wakashika mbavu. "Skafu mdomoni! Mungu wangu, yangu nampelekea mke wangu!" Wakaniomba tena ile ya teke la farasi, nikawapa. Nikawapa ya mama yangu, nikawapa ya padri na nguruwe. Wiki tano za maneno zilitoka kwa mkupuo. Chakula kikaisha, mashine za kukatia manyoya zikaanza kuunguruma, nami nikaendelea kusimulia huku nikibeba manyoya mezani. Segundo angekuwepo angeniuliza, lakini yeye alikuwa amerudi kuleta kundi lake. Mbwa walikuwa wamelala chini ya mkokoteni wakijikinga mvua, maana mvua ilikuwa imeanza, mvua ya baridi iliyochanganyika na chembe za barafu. Nilidhani Cholga naye yumo.

Yapata saa kumi na moja jioni nilichukua mfupa mzuri wenye nyama niliokuwa nimeuweka kando. Nikainama chini ya mkokoteni. "Cholga."

Mbwa sita waliinua vichwa. Wa kahawia, wa madoa, wa kijivu.

Mfupa ukaniponyoka. Nilikuwa sijamwita. Tangu saa tano asubuhi, lango lilipofungwa, nilikuwa sijasema "njoo".

Sikumbuki kutandika farasi. Nakumbuka mvua ikinipiga usoni na don Nolberto akiniita nyuma, kisha akinifuata kwa farasi wake bila kuuliza. Nilipokaribia, kitu cha kwanza nilichokiona ni karancho, yule ndege mla mizoga, amesimama juu ya nguzo ya ua anatazama chini. Wa pili alikuwa ardhini. Mabata bukini walikuwa wametapakaa kwenye pengo wanakula nyasi, wengine hatua nne tu kutoka pale.

Na yeye alikuwa amelala palepale. Manyoya yamegandana, chembe za barafu zimemjaa mgongoni, hata mbele ya miguu yake nyasi hazikuvurugika. Kichwa kilikuwa juu. Hakuwa anawatazama mabata wala karancho. Alikuwa anatazama mahali kwenye mteremko ambapo farasi wangu alitokomea asubuhi, na aliponiona nikija kutoka huko hakuinuka, alitetemeka tu, akaendelea kunitazama.

"Njoo," nikasema, lakini ilitoka hafifu na upepo ukaipeleka upande mwingine. Hakusikia. Akangoja.

Nélida aliwahi kuniambia, siku ya mazishi niliyofika nikiwa nimechelewa, kwamba mama yake aliwaomba wauguzi wageuze kitanda kielekee mlangoni, na kwamba hakukubali kukigeuza tena. Nilimjibu kwa habari za mto. Alinisikiliza mpaka mwisho, binti yangu, kisha akaenda kuwahudumia wageni.

Nikashuka farasi nikamwendea kwa miguu. Nilipiga magoti kwenye nyasi zenye barafu na kumwambia neno lake sikioni. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka. Akajaribu tena, akanijia hatua mbili akitambaa mpaka kifuani kwangu. Alikuwa baridi kama mawe ya mto. Nilimwingiza ndani ya joho langu la poncho na nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, na don Nolberto amesimama nyuma yangu.

"Sasa huyo ni mbwa," akasema don Nolberto. Alisema kwa heshima, kofia mkononi, kwenye mvua.

Nilimpandisha Cholga mbele yangu kwenye tandiko, nikamshika kwa mkono mmoja na hatamu kwa mkono wa pili. Njia yote ya kurudi alikuwa amenigeuzia uso, ananitazama, anangoja nimwambie afanye nini, na mimi sikuwa na la kumwambia.